Begi la mgongoni la safari ndefu: lipi linunuliwe, lipi liachwe dukani

Begi langu la kwanza la safari ndefu lilikuwa na mifuko kumi na minne. Niliihesabu dukani kwa furaha ya mtoto. Wiki ya sita ya safari, nikishuka kwenye basi, mkanda wa bega la kulia uling'oka pale ulipoungana na mgongo wa begi, na mifuko yote kumi na minne ikatua kwenye tope. Fundi viatu aliyeushona upya alitumia dakika ishirini, na mshono wake ulidumu kuliko ule wa kiwandani. Tangu hapo nikitazama begi siulizi lina mifuko mingapi. Naligeuza, nalivuta mkanda, nautazama mshono.

Safari ya miezi mitatu haidai begi kubwa kuliko safari ya wiki moja, maana nguo hufuliwa. Kinachozidi ni idadi ya mara: mara ngapi zipu itafunguliwa, mara ngapi begi litainuliwa kwa mkanda mmoja, mara ngapi litatupwa juu ya basi na mtu asiyekufahamu. Kwa hiyo mwongozo huu unayapima mabegi kwanza kwa swali hili: nini kitaharibika kwanza, na kikiharibika itakuwaje?

Ukubwa na uzito

Mashirika matatu makubwa ya Marekani, American, Delta na United, yanaruhusu ndani ya ndege begi la sentimita 56 kwa 36 kwa 23. Zidisha namba hizo utapata lita 46 na kidogo, tena hapo tunasema sanduku lenye kona kali lisilo na mikanda wala sponji. Begi linalojinadi kuwa la lita 45 basi limeshakijaza kile kipimo cha uwanja wa ndege kabla hujaongeza sweta. Lufthansa wanataka 55 kwa 40 kwa 23 na uzito usiozidi kilo 8. Emirates, kwa abiria wa daraja la kawaida, 55 kwa 38 kwa 22 na kilo 7. Ryanair, kwa aliyelipia begi la kuweka juu, 55 kwa 40 kwa 20 na kilo 10. Vipimo hivi hubadilika, kwa hiyo visome upya kila unapokata tiketi, lakini angalia namba ya tatu kila mara. Urefu wa begi haunenepi. Kina ndicho kinachovimba, na kina ndicho kinachowakamatisha watu langoni.

Anayesafiri muda mrefu hupanda ndege za mashirika tofauti, na begi ni lile lile. Pima kwa lile shirika bahili kuliko yote. Kwa watu wengi jibu ni lita 35 hadi 40.

Halafu kuna mizani. Kwenye kikomo cha kilo 7, begi tupu la kilo 2 limeshakula zaidi ya robo ya haki yako. Weka kompyuta mpakato na chaja yake, weka viatu vya pili, na nguo zinabaki kugombania kilo mbili tatu za mwisho. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na begi la dukani ni la mwenzio: linaning'inia tupu, jepesi, limejazwa karatasi ili lipendeze. Uliza uzito wake likiwa tupu kabla hujauliza rangi.

Kitambaa

Utakutana na namba kama 420D, 1000D, 1680D. Hiyo D ni denia, yaani uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Uzi wa 1000D, ukiunyoosha mita 9,000, una uzito wa kilo moja. Namba inakuambia unene wa uzi, haikuambii ubora wa kitambaa kizima. Nailoni hustahimili msuguano kuliko polyesta ya unene ule ule, na polyesta nayo hunywa maji kidogo na huvumilia jua vizuri zaidi. Begi la 1000D litakuvumilia hata ukiliburuza sakafuni, ila uzito wake utaubeba wewe. Kwa mtu asiyeburuza begi, 400D mpaka 500D iliyofumwa vizuri inatosha kwa miaka mingi, na sioni sababu ya kununua silaha za vita kwa safari ya treni.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi. Upande wa ndani wa vitambaa vingi umepakwa tabaka la plastiki la kuzuia maji, na tabaka hilo likikaa kwenye joto na unyevu kwa miaka huanza kunata, kutoa harufu kali na kubanduka vipande vipande. Begi lililofungiwa kabatini likiwa na unyevu linaweza kufa bila kusafiri. Likaushe, liache wazi, liweke penye hewa.

Zipu, ambayo ndiyo begi lenyewe

Kitambaa hakichaniki mara nyingi. Mikanda hung'oka kwa mabegi ya ovyo. Lakini zipu huchoka kwenye kila begi, la bei yoyote, na begi lisilofungika si begi tena.

Geuza kichwa cha zipu usome mgongoni mwake. Ukiona YKK, kampuni ya Kijapani iliyoanzishwa 1934, umeona dalili njema, kwa kuwa mtengenezaji aliyeamua kubana senti huanzia hapo. Karibu na jina huwa kuna namba. Inakaribia upana wa meno kwa milimita yakiwa yamefungwa: 5 inafaa mifuko midogo, 8 au 10 ndiyo ya mlango mkuu. Mlango mkuu ukiwa na zipu ya 5, rudisha begi lilipokuwa, hata kama muuzaji ni rafiki yako.

Meno ya nailoni yaliyosokotwa kama springi yana uungwana wake: yakiachana katikati, mara nyingi unarudisha kichwa nyuma, unapita tena, yanashikana. Meno ya chuma yakipinda yamepinda. Na zipu ikianza kuachia nyuma ya kichwa kinapopita, mara nyingi meno ni mazima. Kichwa ndicho kilichopanuka. Kibane kidogo kwa koleo pande zote mbili, taratibu, nawe utafika mwisho wa safari. Zipu zilizofunikwa kwa mpira wa kuzuia maji zinapendeza, lakini huwa ngumu kuvuta, na ule mpira hubanduka penye kona. Mimi huchagua zipu ya kawaida na kifuniko cha mvua.

Hakikisha pia mlango mkuu una vichwa viwili vyenye matundu yanayoweza kuunganishwa kwa kufuli ndogo.

Mikanda na mgongo

Mkanda wa kiunoni wenye sponji, ukishikamana na fremu au ubao mgumu mgongoni, huhamisha uzito kutoka mabegani kwenda kwenye nyonga. Utepe mwembamba usio na sponji huzuia tu begi lisiyumbe. Kwa nusu saa ya uwanja wa ndege hutaona tofauti. Kwa kilomita mbili za kutafuta nyumba ya wageni ambayo ramani inasema iko hapo hapo, utaiona.

Jipime urefu wa mgongo kuanzia ule mfupa unaochomoza shingoni ukiinamisha kichwa hadi usawa wa juu wa nyonga. Watu wawili wenye kimo kimoja wanaweza kutofautiana sana hapo. Kisha tazama pale mkanda wa bega unapoingia mgongoni: nyuzi zimeshonwa mraba wenye alama ya X katikati, au kuna vijistari vinene vya uzi uliorudiwa mara nyingi? Mstari mmoja mwembamba ndio ulionitupa kwenye tope. Ndani ya begi, kingo za vitambaa ziwe zimefunikwa kwa utepe. Na klipu za plastiki ziwe za kubadilishika, maana iliyoshonewa moja kwa moja ikivunjwa na mlango wa gari inahitaji fundi.

Sasa, mpangilio wangu

Nafasi ya kwanza naipa Osprey Farpoint 40, pamoja na dada yake Fairview 40 aliyekatwa kufuata umbo la mwanamke. Si zuri kuliko mengine. Mifuko ni michache, kitambaa ni polyesta ya 450D isiyomtisha mtu. Lakini lina uzito wa kilo moja na nusu hivi, linafunguka kama sanduku, na mgongo wake ni wa begi la kupandia milima: fremu ya kweli, mkanda wa kiunoni wa kweli, urefu unaorekebishika. Ukilazimika kulipitisha kwenye mizigo ya chini, mikanda yote inafunikwa kwa kipande kinachofungwa kwa zipu, isinaswe kwenye mitambo. Osprey, kampuni iliyoanza California mwaka 1974, imejijengea jina kwa ahadi ya kuyatengeneza mabegi yake yakiharibika. Ukikuta toleo la zamani la mtumba, angalia mfuko wa kompyuta: zamani ulikuwa upande wa mbele, mbali na mgongo, na uzito huo hukuvuta nyuma. Toleo jipya limeusogeza mgongoni panapostahili.

La pili ni Aer Travel Pack 3, kwa mtu ambaye kompyuta ndiyo kazi yake na hatembei sana na mzigo. Lita 35, nailoni ya 1680D, zipu za YKK, na mpangilio wa ndani ambao unaona kabisa aliyeubuni amewahi kufanyia kazi kahawani. Tatizo lake ni karibu kilo 1.9 likiwa tupu, na mkanda wa kiunoni unauzwa peke yake. Ningekuwa nasafiri na mashirika yasiyopima uzito, ningelisogeza juu.

Cotopaxi Allpa 35 linafuata. Uso wake ni mgumu, umepakwa plastiki, maji yanateleza. Ndani limegawanywa kwa vyumba vya wavu vyenye zipu zake, na hapo ndipo watu hugawanyika pia: wengine hupenda kila kitu kikae mahali pake, wengine tunachoshwa na kufungua zipu tatu kutafuta soksi.

Peak Design Travel Backpack ni la mpiga picha. Linabanwa hadi lita 35 na kupanuliwa hadi 45, mikanda inafichwa nyuma ya vibao vya sumaku, kila pembe imefikiriwa. Pia lina zaidi ya kilo 2. Nimelibeba la rafiki kwa siku mbili, nikalirudisha kwa heshima zote.

GORUCK GR2 ndilo gumu kuliko yote niliyotaja, nailoni ya 1000D na mishono ambayo nadhani ingevuta gari, kutoka kampuni iliyoanzishwa 2008 na mwanajeshi wa zamani wa kikosi maalumu cha Marekani. Kama kigezo kingekuwa uimara peke yake lingekuwa la kwanza. Lakini halina fremu ya kupandia milima wala mkanda wa kiunoni linapotoka kiwandani, na nalo linapita kilo 2. Litaishi kuliko mgongo wako.

Kwa mwenye pesa kidogo, Decathlon, maduka ya vifaa vya michezo, wana begi la Forclaz la lita 40 la safari, linalofunguka kama sanduku. Sitegemei lidumu miaka kumi, na kwa kinacholipwa sioni haja ya kulalamika. Wanaosafiri mara moja kwa miaka kadhaa waanzie hapo.

Mwisho kabisa naweka mabegi ya mgongoni yenye magurudumu. Magurudumu na mpini huongeza uzito na kula nafasi, kisha ukilibeba mgongoni, chuma chote hicho kinakugusa. Ukitaka kuburuza, nunua sanduku.

Kabla hujalipa

Omba kitu cha kujazia, kilo 7 au 8, hata vitabu. Vaa begi, funga mkanda wa kiunoni kwanza, kisha mabega, tembea dakika kumi na tano ndani ya duka bila aibu. Linyanyue kwa kishikio cha pembeni, kwa maana ndivyo utakavyolipandisha kwenye kabati la ndege. Fungua na ufunge zipu kuu kwa mkono mmoja begi likiwa limejaa, hasa kwenye kona.

Halafu tafuta pawabenki itakaa wapi. Betri za namna hiyo lazima ziwe nawe ndani ya ndege, na kikomo cha kawaida bila ruhusa ya shirika ni saa-wati 100, ambazo kwa betri nyingi ni kama mAh 27,000. Siku ndege ikijaa na wakakuomba begi langoni likakae chini, utatakiwa kuitoa pawabenki pale pale, watu wamepanga foleni nyuma yako. Kama iko chini ya nguo zote, ndani ya chumba cha wavu, nyuma ya zipu ya pili, chagua begi jingine.