Overmorrow au the day after tomorrow, utumie lipi?

Yaani waingereza nao walikuwa na keshokutwa yao, neno moja tu, overmorrow, limo hata kwenye Biblia ya Kiingereza aliyoitafsiri Coverdale mwaka 1535, halafu sijui wakalichoka wakaliacha likafa, sasa hivi mtu anakuzungusha maneno manne the day after tomorrow kusema kitu ambacho sisi tunakimaliza mara moja. Wajerumani wenzao bado wanasema übermorgen kila siku na hakuna anayeshangaa.

Kwa utamu overmorrow inashinda, fupi, ina ladha. Ila ukiiandika kwenye imeili ya kazini, see you overmorrow, bosi ataona umekosea spelingi ya tomorrow na kesho atakuja mkutanoni peke yake. Kwa hiyo mtihani, ofisi, interviu, andika hayo manne tu bila ubishi. Overmorrow iache kwa mashairi na kutaniana na washkaji.

Na kabla hatujawacheka, hebu muulize kijana wa leo mtondo ni lini, acha hata mtondogoo. Mtondo ni kesho yake ya keshokutwa, mtondogoo siku inayofuata, wengi wataguna tu.