TAHADHARI: Vishoka wa leseni za udereva Dar, nimepigwa laki tatu na nusura nilale ndani

Wakuu habari. Naandika hii nikiwa bado na hasira kwahiyo mnisamehe nikirukaruka, ila najua kuna watu muda huu wana namba ya huyu jamaa kwenye simu zao na wengine mmeshamtumia advansi, soma kwanza mpaka mwisho ndo uendelee na mambo yako.

Jina lake sitaji. Kwanza ana majina kama matatu, pili maelezo nishaandika polisi na nimeambiwa nisije kuharibu. Nitaeleza tu anavyofanya kazi, ukikutana nae utamjua.

Ilikua hivi. Kuna mzee ana duka la jumla la vinywaji alikua anatafuta kijana wa kuendesha Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, asubuhi unapakia soda na maji unazungusha madukani kuanzia Kimara mpaka Mbezi, jioni unarudisha hesabu. Gari mi naendesha, nimejifunzia kwenye pikapu ya mjomba kule kijijini tangu niko kidato cha pili, tatizo leseni sina. Mzee akanambia nakupa wiki mbili, ukija na leseni ufunguo huu hapa, usipokuja nampa mwingine. Na ajira mnajua zilivyo.

Basi usiku niko kitandani naperuzi nikakutana na tangazo, LESENI BILA KWENDA CHUO, SIKU 5 TU, DARAJA ZOTE, MALIPO KIDOGO KIDOGO. Chini kuna picha za leseni kama ishirini zimepangwa kwenye meza, majina yamezibwa kwa kidole. Nikamcheki, akajibu hapo hapo, saa sita usiku. Ana lugha tamu huyo mtu we acha, "boss wangu", "kaka mkubwa", "usijali kabisa". Kesho yake nikamfuata, maana nilijiambia mi siyo mjinga, siwezi kutuma hela kwa mtu sijamuona.

Hapo ndo nilipoliwa. Ana "ofisi". Ni kona ya stationery ya watu, meza moja, kompyuta ambayo sijawahi kuiona imewashwa, na ukutani kaegesha kile kibao cheupe chenye L nyekundu. Wakuu kile kibao ndo kiliniua. Nilivyokiona tu nikasema huyu ni mtu wa chuo cha udereva kabisa, siyo tapeli wa mtandaoni. Kibao cha L hata wewe leo ukienda kwa fundi wa mabango unachorewa unasubiri.

Akanipigia hesabu kwenye karatasi. Advansi 150,000, TIN (namba ya mlipa kodi) 30,000, kadi ikitoka namalizia 120,000. Nikamuuliza daraja gani, akanambia nitakuwekea B, D, E na C zote kwa bei moja, kesho keshokutwa ukitaka kuendesha basi la mkoani uko huru. Mi moyoni nikafurahi. Hebu fikiria akili ya mtu mwenye shida inavyofanya kazi, naambiwa naweza kupewa kibali cha kubeba roho za watu sitini Dar mpaka Mwanza wakati kitu kikubwa nilichowahi kuendesha ni pikapu yenye magunia ya mahindi, na nafurahi! Daraja C (mabasi ya abiria) na E (magari makubwa ya mizigo) mtu ambaye hajawahi kushika leseni yoyote hapewi, zinataka uzoefu, na magari ya abiria yanataka na mafunzo yake, ndo unaona madereva wa mabasi wanarudishwa darasani kwenye vyuo kama NIT au VETA. Ukisikia mtu anakuuzia daraja zote kwa mkupuo kama vocha, ondoka.

Halafu hiyo TIN ya elfu thelathini. TIN ni bure jamani. TRA, wale watu wa mapato, hawatozi hata senti kumi kukusajili. Nimekuja kujua hilo hela ishaliwa.

Sasa kuna kitu kimoja ambacho ningekijua mapema hata haya maandishi yasingekuwepo. Jamaa alinambia nimtumie WhatsApp picha ya pasipoti saizi, kopi ya kitambulisho cha NIDA, na nisaini kwenye karatasi nyeupe niipige picha. Basi, nikae nyumbani nisubiri. Leseni halisi haitengenezwi hivyo. Leseni unaenda TRA mwenyewe kwa miguu yako, unakaa kwenye kiti unapigwa picha pale pale, unaweka vidole kwenye mashine, unasaini pale pale. Vidole vyako huwezi kuvituma WhatsApp. Na kabla ya kufika huko unatakiwa uwe umejaribiwa na trafiki na umepewa karatasi yao kwamba umefaulu, na trafiki nao wanataka kuona cheti cha chuo na lena yako, yaani leseni ya kujifunzia. Kwahiyo mtu yeyote anayekwambia utaletewa leseni bila kwenda kuweka vidole anakuuzia plastiki tu, hata kama ana mjomba wake huko ndani kama wanavyopendaga kujisifia.

Na malipo je? Akanitumia meseji, "kontroo namba yako hii hapa". Namba yenyewe tarakimu sita, nilivyoiingiza likaja jina la duka la vipodozi. Nikampigia, akacheka, akasema kaka mkubwa hiyo ni akaunti ya wife, mfumo wa serikali leo unasumbua mi nitakulipia huko huko. Nikalipa. Ndiyo, nikalipa, msinicheke. Kontroo namba ya serikali ina tarakimu 12 na inaanza na 99, haijawahi kuwa lipa namba ya mtu anayeuza losheni.

Siku ya tano kweli akapiga simu, mzigo tayari. Nikampa ile 120,000 mkononi, akanipa bahasha ya kaki. Kadi inang'aa, picha yangu, jina langu, bendera ipo. Nilivyofika nyumbani mdogo wangu wa kike akaiangalia akasema mbona hii inaisha baada ya miaka mitatu, leseni si ni miaka mitano? Nikamwambia we unajua nini kuhusu leseni. Kumbe mtoto yuko sahihi. Ilikua miaka 3 zamani, tangu 2019 ni miaka 5. Jamaa anatumia templeti ya kizamani, hata kusasisha wizi wake kashindwa. Halafu baada ya siku kama nne hivi ya kukaa kwenye waleti herufi za jina langu zikaanza kubanduka pembeni, ukikwangua kwa kucha zinatoka kama rangi ya kucha. Hapo nilishaanza kazi. Niliona ila nikajifanya sijaona.

Nimeendesha ile Kirikuu siku kumi na moja. Siku ya kumi na moja, Morogoro Road, nina katoni za maji mpaka juu, afande mmoja mama mtu mzima kanisimamisha kistaarabu tu, kijana habari za kazi, leseni. Nikampa huku natabasamu. Akaishika, akaigeuza, akaipitishia kidole gumba pale kwenye jina. Hakusema kitu. Akachukua kimashine chake akaingiza namba. Kisha akanigeuzia kioo nisome mwenyewe, akasema, "Hii namba ni ya mwanamke mwanangu, tena ana daraja A, ya pikipiki. Ndo wewe?"

Wakuu nilihisi miguu si yangu.

Ingekua nimesahau leseni nyumbani au nimevuka taa ningepigwa faini ya 30,000 nikaendelea na safari. Hii ni karatasi ya serikali imeghushiwa na imetoka mfukoni mwangu, pale hukai kuongea habari za faini. Kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa mbili usiku niko kituoni naandika maelezo, bosi kaja na bodaboda kuchukua gari lake, hakunisemesha, aliniangalia tu akaondoka na maji yake. Shemeji ndo alinidhamini. Na nikawaza siku zote zile kumi na moja, je ningemgonga mtoto wa watu pale Kimara Stopover? Bima ukiwa na leseni feki wanakuruka vizuri tu, lile deni lingekua langu na la yule mzee.

Jamaa nilimpigia nikiwa bado kituoni, afande akiwa pembeni. Aliposikia neno kituo akakata. Mpaka leo namba haipatikani, akaunti ya tangazo imebadilishwa jina na picha ila zile leseni ishirini za mezani ni zile zile, ukizitazama vizuri kuna kikombe cha chai cha bluu kwenye kona. Nilienda stationery, mwenye nayo akasema yule alikua anakodi meza tu kwa siku, hamjui. Nikamuuliza kibao cha L kiko wapi. Kaondoka nacho.

Nisijifanye malaika, na mimi nilitaka njia ya mkato na ndo maana nikapatikana. Ila kuna na wanaofuata njia halali kabisa na bado wanapigwa, hilo niliseme. Rafiki yangu kalipia chuo kimoja "siku 20 vitendo", chuo kina ofisi na gari kweli. Kufika gari ni moja na wanafunzi watano ndani yake, kila mtu anapewa kama dakika kumi na tano za kushika usukani, muda uliobaki umekaa nyuma unamwangalia mwenzako anazima gari kwenye kilima. Baada ya wiki wakaanza, mafuta mchangie elfu tano tano. Baada ya hapo gari likawa gereji wiki nzima. Siku 20 zake ukizijumlisha alishika usukani siku nne. Kwahiyo kabla hujalipa uliza mko wangapi kwenye gari, mafuta ni ya nani, na kila kitu kiandikwe kwenye risiti, na omba kuona usajili wao. Wakianza kuzunguka, tembea. Mi nilivyorudi kwenye mstari nilitafuta chuo kwa kwenda kusimama nje yao asubuhi mbili tu nihesabu vichwa kwenye gari.

Na nikwambie, nilijiona dereva. Siku ya kwanza mwalimu kanambia rivasi hapa kati ya hizi nguzo mbili, nikaangusha zote. Pikapu ya mjomba haikunifundisha saitimira, kijijini unarudi nyuma huku mtu anakupigia kelele njoo njoo njoo. Kipilefti ndo sikujua kabisa, nilikua najua anayepiga honi sana ndo anapita, kumbe unampisha anayetoka kulia kwako. Hayo yote niliulizwa na trafiki siku ya testi, pamoja na spidi ya kwenye makazi ya watu, 50, na alama za barabarani moja baada ya nyingine.

Kwa hela, lena nililipa 10,000, ni ya miezi mitatu, na leseni yenyewe 70,000 ya miaka mitano, ongezea na hela ya testi ambayo ni ndogo na ada ya chuo. Ukijumlisha haijazidi sana ile laki tatu niliyompa yule mshenzi.

Kitu cha mwisho kwa mliomtumia kopi za NIDA. Piga *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa namba yako. Mimi nilikuta laini moja siijui ipo kwa jina langu, maana yake kuna mtu pengine ametapeliwa na "mimi". Nimeenda kwa mtandao husika ikafungwa. Namba yake ile aliyokua ananichatia nayo nimeituma 15040, pale ndo pa kuripoti namba za matapeli, na polisi nina RB, ile namba ya taarifa uliyoandikisha. Kama na wewe ulimpa hela, nenda kaandikishe ya kwako, tukiwa wengi inakua ngumu kwake kusema ni mtu mmoja ana chuki binafsi. Na kama kadi yake iko mfukoni mwako sasa hivi, gari liache hapo hapo lilipo.

Yule mzee wa vinywaji alishaweka dereva mwingine, simlaumu. Leseni yangu imetoka wiki iliyopita, daraja D. Kama kuna mtu anatafuta kijana wa Kirikuu au Canter ndogo ya mizigo, niko Kimara, inbox iko wazi, na leseni tutaenda kuikagua wote TRA kabla sijagusa ufunguo.