Uzoefu wangu na gereji iliyokataa kunijazia gesi ya kiyoyozi cha gari

Nampa alama za juu fundi huyu wa viyoyozi vya magari kwa sababu moja kubwa: nilikwenda kwake kuomba gesi, naye akakataa kunijazia mpaka ajue ile ya awali ilikwenda wapi. Gereji yake ipo Dar es Salaam. Jina lake naliacha, kwa kuwa ninachotaka msomaji akichukue ni namna kazi ilivyofanyika, na hiyo anaweza kuidai kwa fundi yeyote.

Gari langu ni dogo, limetumika Japani kabla ya kushushwa bandarini kwetu, na kiyoyozi chake kilianza kusumbua kwa namna iliyonichanganya. Nikiwa Barabara ya Bagamoyo na gari likitembea vizuri, baridi ilikuwepo. Nikifika kwenye foleni ya Mwenge na kusimama, matundu ya dashibodi yalianza kutoa hewa ya uvuguvugu, na gari likiondoka tena baridi ilirudi. Baadaye ikapotea hata mwendoni, ingawa feni ya ndani ilikuwa ikipuliza kwa nguvu zake zote. Kwa joto la Februari huku pwani, pamoja na unyevu wake, kumkalisha mama yangu mzee ndani ya gari la namna hiyo kila anapokwenda kliniki ni jambo ambalo sikuweza kulivumilia. Fundi mmoja wa kando ya barabara aliunganisha mpira wake akajaza gesi bila kupima lolote. Baridi ikarudi, kisha ikafifia tena kabla mwezi haujaisha.

Huyu wa pili alianza kwa maswali, na hapo ndipo nilipoanza kumwamini. Aliuliza kama baridi ilipotea gari likiwa limesimama au likitembea, kama kulikuwa na mlio kompresa, yaani pampu inayozungusha gesi, inapoingia kazini, na kama maji yalikuwa yakidondoka chini ya gari. Swali hili la mwisho lilinishangaza. Alinieleza kwamba evaporeta, yaani kile kifaa cha baridi kilichofichwa nyuma ya dashibodi, hukamua unyevu uliomo hewani, na maji hayo hutolewa nje kwa mpira mdogo, hivyo katika mji wenye unyevu kama wetu gari lisilodondosha maji wakati kiyoyozi kimewashwa ndilo la kutilia shaka. Watu wengi huogopa wakiyaona, wakadhani rejeta imetoboka.

Kabla ya kugusa geji, yaani vipimo vya presha ya gesi, alichomoa chujio la hewa lililo nyuma ya droo ya dashibodi akaliona safi, kisha akafungua boneti, akaniomba niwashe injini na kubonyeza kitufe cha kiyoyozi. Klachi ya kompresa, ile inayoiunganisha na injini ili izunguke, haikuingia kabisa. Akaiunganishia umeme moja kwa moja feni ya kondensa, nayo ikazunguka kwa uvivu, ikikwama na kuendelea. Kondensa ipo mbele ya rejeta na kazi yake ni kutupa nje joto lililokusanywa ndani ya gari. Gari likitembea, upepo wa barabarani unatosha kuipoza, lakini likisimama feni ndiyo tegemeo pekee. Dalili yangu ya kwanza, ile ya foleni ya Mwenge, ilikuwa imepata maelezo kabla nati hata moja haijafunguliwa.

Klachi kukataa kuingia lilikuwa suala jingine, na ndipo geji zilipofungwa. "Mama," aliniambia, "gesi ya AC haichomwi kama petroli. Ikipungua, ujue imetokea mahali." Injini ikiwa imezimwa, presha ilikuwa karibu psi 30 (psi ni kizio cha presha) pande zote mbili za mfumo. Gesi ya gari langu ni R134a, na kwa joto la nyuzi 30 za Selsiasi presha yake hukaa karibu psi 97 maadamu bado kuna hata kiasi kidogo kilicho katika hali ya kimiminika ndani ya mfumo. Psi 30 maana yake kimiminika kilikwisha kitambo. Swichi ya presha ilikuwa imekata umeme wa klachi kwa makusudi, kwa sababu mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi, na kompresa inayozunguka bila gesi hujisaga yenyewe.

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo fedha nyingi za wenye magari zinapopotelea. Kwa hesabu hiyo hiyo, mfumo wenye nusu ya gesi yake na mfumo uliojaa, vikiwa vimezimwa na vikiwa katika joto moja, vinaonyesha presha moja. Geji hukujulisha kwamba gesi imekwisha au kwamba mzunguko una hitilafu, lakini haikwambii ndani mna gramu ngapi. Fundi anayejaza kwa kutazama mshale wa geji na kugusa bomba kwa mkono anakisia, na kuzidisha gesi kunapunguza baridi na kuielemea kompresa kama vile kupunguza kunavyodhuru.

Gesi iliyobaki aliivuta kwa mashine na kuihifadhi kwenye mtungi, hakuiachia hewani. Jambo hilo nililithamini sana. R134a ilichukua nafasi ya R12, gesi iliyoharibu tabaka la ozoni na kuwekewa mipaka na Itifaki ya Montreal, mkataba wa kimataifa wa mwaka 1987, lakini nayo, kilo kwa kilo, hupasha dunia joto zaidi ya mara elfu moja kuliko hewa ya ukaa katika kipindi cha miaka 100; ndiyo maana mkutano wa Kigali wa Oktoba 2016 ulikubaliana kupunguza matumizi ya gesi za jamii yake.

Baada ya hapo alijaza naitrojeni, ambayo ni kavu, tofauti na upepo wa kawaida wa kompresa ya gereji ambao huingiza unyevu, akapaka povu la sabuni kwenye maungio yote. Povu lilichemka kwenye kona ya chini ya kondensa, mahali ambapo vumbi lilikuwa limegandamana na doa la mafuta. Aluminiamu ilikuwa imeliwa. Kwa gari linalolala karibu na bahari, chumvi na vijiwe vya barabarani hufanya kazi hiyo polepole, na hakuna gesi ambayo ingekaa humo.

Tulikubaliana kondensa mpya kutoka Kariakoo, na feni iliyotumika yenye mota nzima. Alibadilisha pia oringi, yaani pete za mpira za kuziba, za maungio aliyoyafungua, pamoja na draya, kikaushio cha mfumo, ambayo hunyonya unyevu na hushiba ikiachwa wazi. Kisha akaufyonza mfumo hewa kwa zaidi ya nusu saa, maana katika ombwe maji huchemka hata bila moto na kutoka kama mvuke. Yakibaki, huganda kwenye vali ndogo inayoingiza gesi kwenye evaporeta, au huchanganyika na mafuta na gesi na kuzalisha asidi. Stika iliyo chini ya boneti yangu inataja gramu 450, na kiasi hicho ndicho alichokiingiza, mtungi ukiwa juu ya mizani mbele ya macho yangu. Nikiwa pale aliniambia jambo linalowahusu wenye magari ya haibridi, yale yanayotumia injini pamoja na mota ya umeme: kompresa zao nyingi huendeshwa na umeme wa volti kubwa na huhitaji mafuta maalumu yasiyopitisha umeme, hivyo fundi asiyejua tofauti hiyo asiruhusiwe kufungua kitu.

Kipimajoto kilichowekwa kwenye tundu la katikati kilisoma nyuzi 8 gari likitembea, na 12 tuliposimama juani injini ikiwa inanguruma. Tangu wakati huo foleni haijabadilisha kitu, na maji yanadondoka kama inavyotakiwa.

Nina malalamiko, na nayasema kwa heshima. Ada ya uchunguzi hulipwa kabla, na haikatwi kwenye gharama ya matengenezo hata ukifanyia kazi hapo hapo. Hilo lingefaa kuandikwa ukutani. Gharama yote ilikuwa mara kadhaa ya ile ya kujaziwa gesi barabarani, na kusubiri kondensa sahihi kulinilazimu kuliacha gari kwao usiku kucha. Dhamana ya miezi 3 inahusu kazi na kondensa mpya, haihusu feni iliyotumika, na hilo niliona ni haki. Risiti nayo iliandikwa tu "matengenezo ya AC". Niliomba aongeze kwa kalamu aina ya gesi, gramu zilizoingizwa na aina ya mafuta, naye akafanya hivyo bila kinyongo, lakini maelezo hayo yanapaswa kuwepo kwenye kila risiti yake, kwa sababu fundi atakayelifungua gari hili baadaye huenda asiwe yeye.