Kliniki ya macho ya geti la bluu, Goma: jicho limerudi, foleni sitaisahau

Mimi ni fundi wa chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali ya kubebea mizigo, karakana yangu iko Ndosho, hapa hapa Goma. Wateja wamechoka kuniuliza, "Papa, lile jicho lilipona wapi?" Basi leo naandika mara moja, nisirudie tena.

Ilianza kwenye misumari. Nikiinua macho kupigilia usukani, naona misumari miwili, na nyundo inachagua ile ya uongo. Kidole gumba kiliumia kabla sijaelewa kitu. Mke wangu ndiye aliyeona, kwenye picha za ubatizo wa mtoto: jicho la kushoto limeshuka na kutokeza mbele, kope la juu limejaa upande wa sikio. Maumivu hakuna. Mahali pa kwanza nilipokwenda walinipa matone ya mzio bila hata kunigusa usoni. Nikayatia miezi minne.

Geti la bluu nilifika saa kumi na mbili asubuhi, nikaitwa saa nane mchana. Mabenchi mawili, watu kama sitini, na mvua ikinyesha mnabanana chini ya kibaraza. Hapo nimewakata nyota.

Lakini yule daktari! Kabla ya kuwasha tochi aliniuliza, "Papa, uliwahi kugongwa hapa?" Nikasema hapana. "Hata zamani? Hata ukiwa kijana?" Ndipo nikakumbuka. Nilikuwa nashusha kabichi kwa chukudu kutoka kijijini Kibumba, gurudumu la mbele likaingia kwenye ufa wa lava, usukani wa mkalitusi ukanipiga juu ya nyusi. Mama alinikanda maji ya moto, uvimbe ukaisha, nikasahau. Miaka 19 imepita. Akacheka kidogo, akaandika.

Alipima kwa kifaa kama rula jinsi kila jicho lilivyotokeza, akanionyesha vitabu vya rangi kujua kama mshipa wa kuona umebanwa, akanifanya nifuate kidole chake pande zote. Kisha akanituma kwingine mjini kupiga skaneri. Picha ilionyesha kitu cha mviringo kwenye dari ya tundu la jicho, kingo zake laini, na mfupa wa juu yake umelika. Hata walipodunga dawa ya kung'arisha picha, ndani yake hakikung'aa.

Alinieleza hivi: damu ilivuja siku ile ikanaswa kwenye mfupa, ikaoza polepole, mwili ukaijengea ukuta. Ukuta huo una vimishipa dhaifu vinavyovuja tena, ndiyo maana kifuko kinakua taratibu miaka na miaka. Nikamwomba anyonye tu kwa sindano, ni rahisi. Akakataa: ukiacha ukuta, kinajaa upya. Tena pale pale ndipo ilipo tezi ya machozi, ambayo nayo huota uvimbe, hata wa saratani, kwa hiyo lazima kipande kiende maabara. Si kila mtu anapasuliwa, alisema. Kifuko kidogo kisichobana uwezo wa kuona huangaliwa tu. Ila jicho likitoka ghafla kwa maumivu na kuona kukififia, usingoje kesho.

Walinilaza usingizi, wakapitia kwenye mkunjo wa kope, wakakikwangua chote hadi mfupa ukawa safi. Nilipoamka niliomba kukiona. Kwenye kikopo kulikuwa na uji wa kahawia kama oili chakavu ya pikipiki, na ndani yake chembe zinametameta. Mafuta ya damu iliyozeeka, akasema. Kolesteroli.

Baada ya operesheni, mambo yakarudi kuwa ya foleni. Majibu ya maabara nilifuata mara tatu, simu ya mapokezi inalia tu, na hesabu ya malipo waliniletea vipande vipande, leo glavu, kesho uzi. Majibu yenyewe yalikuwa mazuri: damu ya zamani, saratani hakuna. Jicho limepanda mahali pake. Nikitazama juu kabisa bado naona viwili kidogo, lakini misumari sikosi.

Nyota tatu na nusu, na zote ni za yule daktari. Ukienda, beba picha yako ya zamani inayoonyesha uso vizuri, aliniomba yangu sina. Na beba kiti.