HX Stomp ya Line 6: swichi tatu tu za mguu, ila zinabeba mzigo

Wapiga gitaa wengi wakiiona HX Stomp, mashine ya kukanyagia yenye efekti na ampu za gitaa ndani yake, swali la kwanza ni hizi swichi tatu zitanitosha kweli? na ni swali la haki kabisa, maana hela yake sio ndogo na kuna mashine za bei ya chini zenye swichi kibao. Mimi napigia kanisani na kwenye harusi, na kwangu zinatosha, ila lazima ujue kwamba swichi moja inaweza kubeba efekti zaidi ya moja. Bila hilo utaiona mashine ya kawaida tu.

Kwa asiyeijua, imetoka 2018, ni ndogo inaingia hata kwenye mfuko wa begi la gitaa. Mwanzoni ilikuwa na bloku 6 kwa kila priseti (mpangilio wa sauti uliouhifadhi), halafu 2020 ikaja apdeti ya 3.0 wakaongeza zikawa 8, bila malipo. Ampu ni bloku, dilei (mwangwi) ni bloku, korasi ni bloku. Sasa usifikiri lazima utazijaza zote 8, ampu zingine na rivabu nzito zinakula sana prosesa, zikishaingia utakuta modeli zingine kwenye listi zimefifia hazichaguliki.

Kuasaini, yaani kuipa swichi bloku ya kuwasha na kuzima, ni rahisi sana jamani. Chagua bloku kwenye skrini, halafu iguse swichi kwa kidole BILA kuibonyeza, shikilia kidogo, itakuuliza, kubali, basi. Hamia bloku ya pili rudia kwenye swichi ileile. Zikishakuwa zaidi ya moja jina la swichi linageuka kuwa MULTIPLE na idadi yake, hilo libadilishe mapema uandike SOLO au SEBENE na rangi ya taa uchague mwenyewe, maana katikati ya wimbo MULTIPLE haikuambii chochote. Ukitaka kurekebisha moja kati ya zilizo pale, gusa swichi tena na tena inakupitisha bloku moja baada ya nyingine. Mwenye laptop atumie HX Edit kwa USB, ni ya bure na kazi inaenda haraka zaidi.

Utamu wenyewe sasa. Ukikanyaga, swichi haiwashi zote kwa pamoja wala haizimi zote, inageuza hali ya kila bloku, iliyokuwa inawaka inazima na iliyokuwa imezima inawaka. Mimi kwenye ubeti napiga ridhim, kompresa na korasi zinawaka. Swichi ya kwanza ina EQ ya kunyanyua mid (sauti za kati) pamoja na dilei fupi, zote zimezimwa, kwa hiyo wimbo ukifika kwenye sebene nakanyaga mara moja tu gitaa linatoka mbele, nyuzi nyembamba zinalia safi juu ya kinanda na fundi mitambo hana haja ya kugusa kitu. Swichi ya pili nimeweka overdraivu ambayo imezimwa na korasi ambayo inawaka, nikikanyaga overdraivu inaingia na korasi inatoka saa hiyohiyo, maana korasi ikikaa pamoja na overdraivu sauti inachafuka. Hapo kwa pedali za kawaida ungekanyaga mbili kwa mpigo huku unaitikia kwenye maiki, nani anaweza?

Na sio kuwasha na kuzima tu. Shikilia nobu ya kitu chochote, mfano mix ya dilei (kiasi cha mwangwi), inakupeleka sehemu ya kukiunganisha na swichi, unaweka namba ya chini na ya juu, ukikanyaga inaruka kutoka hii kwenda ile. Kwenye dilei washa Trails, ili ukiizima mwangwi umalizike wenyewe usikatike ghafla.

Vya kuangalia kabla ya kutoa hela: swichi ya tatu ikitoka dukani ni ya tap (kugonga tempo) na tyuna, ukiitaka kwa efekti nenda Global Settings uibadilishe. Bloku moja haiwashwi na swichi mbili tofauti, kwa hiyo ile korasi yangu ikishakaa kwenye ya pili siwezi kuiweka na kwenye ya kwanza, ukiwa na mipango ya namna hiyo tumia snapshoti, yaani hali tofauti za bloku zilezile ndani ya priseti moja, ziko 3 kwa priseti na zinabadilisha bloku zipi zinawaka na namba zake bila sauti kukatika, tofauti na kuhama priseti ambako unasikia pengo. Umeme nao, inataka adapta yake ya 9V yenye 3A, zile adapta ndogo za pedali haziiwezi.

Anayepiga bendi ya muziki wa dansi, sauti mbili tatu za kueleweka usiku kucha, achukue hii. Anayetaka kila wimbo na efekti zake atafute HX Stomp XL ya 2021, ina swichi 8, au aongeze swichi mbili za nje kwenye hii ndogo kwa waya wa TRS (wa stereo), inazikubali vizuri tu na zinaasainiwa kama hizi zingine.