Mlima Meru kwa siku nne: njia ya kupanda isiyofaa kuharakishwa

Sisi wakazi wa Arusha huuona Mlima Meru kila tunapofungua dirisha, na labda ndiyo maana wengi wetu hatujaupanda. Mimi niliupanda kwa mara ya kwanza mwezi Februari, pamoja na shemeji yangu, kwa siku nne, kupitia lango la Momella katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Mawakala wa utalii wamezoea kuuza safari hii kama zoezi la kuuandaa mwili kabla ya Kilimanjaro, na kwa sababu hiyo wateja wengi hupangiwa siku tatu, wakapandishwa mbio na kuteremshwa mbio. Nimerudi nikiamini kwamba biashara hiyo inaupunja mlima, kwa kuwa kilicho bora zaidi katika njia hii kiko chini, msituni, na hakionekani kwa mtu anayekimbilia kilele.

Njia rasmi ni hiyo moja tu ya Momella, na hesabu yake ni rahisi kukumbuka. Lango liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, kambi ya Miriakamba iko mita 2,514, kambi ya Saddle iko mita 3,570, na kilele kinazidi kidogo mita 4,560. Kwa maneno mengine, kila hatua ya safari inakudai mita 1,000 hivi za kupanda, na ile ya mwisho unaidaiwa usiku. Hakuna mahema, kwa kuwa watu hulala katika mabweni yenye vitanda vya ghorofa. Raia wa Afrika Mashariki hulipa viingilio kwa shilingi na kwa kiwango nafuu kuliko wageni, ila ni lazima aonyeshe kitambulisho, jambo ambalo shemeji alilikumbuka tukiwa tumeshapita Usa River, ikabidi tugeuze gari.

Kinachoitofautisha Meru na milima mingine niliyowahi kupanda ni askari wa uhifadhi mwenye bunduki anayetembea mbele ya kundi tangu langoni. Hayupo kwa ajili ya picha. Dakika ishirini tu baada ya kuvuka daraja tulikuwa kwenye uwanda wa majani mafupi wenye kundi kubwa la nyati, twiga watatu na ngiri waliokuwa wamepiga magoti wakila, na sisi tunapita katikati yao kwa miguu. Mbele zaidi, msitu ulipoanza kufunga, afande alinyanyua mkono na sote tukasimama. Nyati dume mzee, mwenye tope lililokauka mgongoni na sikio moja lililochanika, alikuwa amesimama pembeni mwa njia, pengine hatua thelathini kutoka tulipokuwa, akitafuna na kututazama bila kupepesa. Niliuliza kwa kunong'ona kama tungeweza kuzunguka. "Huyu hana haraka, kaka, na sisi tusiwe nayo," alijibu, akaokota vumbi kidogo na kuliachia lianguke ili ajue upepo unakoelekea. Tulisubiri robo saa. Nyati aligeuka mwenyewe, akaingia vichakani, na kwa muda tuliendelea kusikia matawi yakivunjika.

Kutoka langoni hadi Miriakamba kuna njia mbili, ya mkato na ya mzunguko, na ushauri wangu ni kumwomba askari mapema, kabla wapagazi hawajatangulia, awapitishe ile ndefu ya kusini. Huko ndiko uliko mkuyu maarufu ambao mizizi yake imefanya tao juu ya barabara, pana kiasi cha gari kupita chini yake. Ndiko pia tulikowasikia mbega kabla ya kuwaona: sauti nzito ya kukoroma, kisha mikia meupe ikining'inia juu ya vichwa vyetu kama taulo zilizoanikwa. Tuliwaona kima, tukamwona pongo jike aliyekuwa peke yake, na shorobo aliyeruka kutoka mti hadi mti akionyesha wekundu wa mabawa yake kila alipoyafungua. Tembo hatukuwaona, ila kinyesi chao kilikuwa kibichi njiani. Simba hawapo katika hifadhi hii. Chui wapo, na ni wachache wanaojaliwa kukutana nao.

Siku ya pili ni ngazi. Sina neno jingine la kuieleza. Kuanzia Miriakamba njia hupanda kwa vipandio vya mbao na udongo vilivyochongwa bila kuuliza urefu wa mguu wa mtu, msituni kwanza, ambako kuvumwani huning'inia kwenye matawi kama ndevu, kisha kwenye vichaka vilivyo wazi zaidi ambako upepo hukupata ukiwa umelowa jasho. Mtu mwenye magoti mabovu atayajua siku hiyo. Mwenye nguvu zilizobaki anaweza jioni kupanda Meru Ndogo, mita 3,820, ambayo iko karibu na kambi ya Saddle.

Tuliamshwa saa sita na nusu usiku, tukanywa chai, na saa saba na nusu tukaanza. Hadi Rhino Point ni mwinuko mkali lakini wa kawaida. Baada ya hapo njia hushuka kidogo na kuvuka mawe yaliyolala mshazari, ambako minyororo imefungwa ili watu washike. Chuma kile kilikuwa baridi kiasi kwamba kidole kilichotokeza nje ya glavu yangu kilikufa ganzi mara moja. Kisha unatembea juu ya ukingo, kushoto kwako likiwa korongo la kasoko, yaani shimo la volkano, na kulia mteremko wa majivu unaoishia gizani. Nadhani ni rehema kwamba sehemu hii hupitwa usiku, kwa sababu wakati wa kurudi, mwanga ulipoonyesha ukuta wa mwamba unaoporomoka zaidi ya mita 1,000 hadi sakafu ya kasoko, shemeji alikaa chini na kukataa kusogea mpaka aliposhikwa mkono.

Jua lilituchomozea karibu na kilele, likitokea upande wa kulia wa Kilimanjaro, ambao kutoka pale huonekana mzima juu ya mawingu, wa buluu, kama umekatwa kwa mkasi. Chini yetu palikuwa na kilima cha majivu kilichochongoka katikati ya kasoko, ukumbusho kwamba Meru ni volkano, na kwamba mara ya mwisho ilipolipuka ilikuwa mwaka 1910. Ukuta wa mashariki haupo kabisa. Ulimeguka maelfu ya miaka iliyopita, na vifusi vyake ndivyo vilivyofanya ardhi ya mabondeni yaliko maziwa ya Momella. Kilele chenyewe, kilichopewa jina la Ujamaa, ni rundo la mawe lenye kibao na bendera, na hatukukaa hata dakika kumi.

Kuhusu huduma, wapagazi na mpishi walistahili kila shilingi ya bakhshishi: supu ya moto, bisi za kufikia kambini, maji ya kunawa kabla hujaomba. Lawama yangu ni kwa kampuni iliyotupangia safari, ambayo sitaitaja. Glavu za kukodi zilikuwa zimetoboka, taa moja ya kichwani ilizimika kabla ya Rhino Point, na siku ya nne, ambayo tulikuwa tumeilipia, nusura ifutwe kwa maelezo kwamba "wateja wengi huwa wamechoka." Kagueni vifaa ofisini, tena kwa kuviwasha na kuvivaa, na idadi ya siku iandikwe kwenye mkataba.

Siku hiyo ya nne tulishuka kwa njia ya mkato, polepole, tukiegemea fimbo, na ilipofika saa nne asubuhi tulikuwa tena kwenye uwanda wa nyati. Twiga mmoja alikuwa amesimama njiani kabisa. Afande alitua bunduki yake begani, akaegemea mti, na hakuna aliyeuliza tungesubiri kwa muda gani.