AFCON nzima ndani ya banda umiza: uzoefu wangu

Kiingilio cha banda umiza, kibanda cha mtaani cha kuoneshea mpira, kilikuwa Sh 500 kwa mechi za kawaida na Sh 1,000 siku za Taifa Stars, timu ya taifa ya Tanzania. Kuanzia robo fainali ikawa buku, yaani Sh 1,000, kwa kila mechi. Kwa pesa hiyo unapata nafasi kwenye benchi la mbao, luninga mbili zilizotundikwa ukutani, feni, na watu wa kubishana nao. Hicho cha mwisho ndicho kilichonitoa nyumbani kwenye king'amuzi kilicholipiwa, nikaangalia karibu AFCON 2023 yote, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, ile iliyochezwa Ivory Coast Januari na Februari 2024, ndani ya banda umiza moja la Kinondoni, Dar es Salaam.

Naandika kwa sababu kila yanapokaribia mashindano makubwa watu huulizana wakaangalie wapi, na jibu la haraka huwa baa au nyumbani. Baa unalipia kinywaji ili ukae, na muziki unapigwa mpaka mpira unaanza. Nyumbani kuna utulivu, ila goli likiingia unamwambia nani? Banda umiza lina mapungufu mengi, nitayasema, lakini kwa mtu anayependa mpira kiasi cha kutaka kuujadili, sijaona huduma inayolikaribia.

Banda hili lina utaratibu mmoja mzuri ambao sijauona kwingine. Filimbi ya mapumziko ikilia, mwenye banda anazima sauti. Wachambuzi wa studio wanabaki wanachezesha midomo, sisi tunaanza. Nje, pembeni ya mlango, kuna ubao mweusi anaoandika ratiba ya siku kwa chaki: saa 11 jioni, saa 2 usiku, saa 5 usiku, maana Abidjan wako nyuma yetu kwa saa tatu. Upande wa chini wa ubao ndipo penyewe. Hapo kuna mzee mmoja, fundi cherehani wa mtaa huo, amepewa ruhusa ya kuandika misimamo ya makundi. Anafuta kwa kiganja na kuandika upya kila goli linapobadilisha hesabu, suruali yake imejaa vumbi la chaki hadi magotini. Ukitaka kubishana kuhusu nani anapita, unaitwa ubaoni uoneshe hesabu yako. Ukishindwa, unakaa.

Mechi ya kwanza ya Stars, Januari 17 dhidi ya Morocco pale San Pédro, haina mengi. Saïss alifunga dakika ya 30, Novatus Miroshi akatolewa kwa kadi nyekundu dakika ya 70, kisha Ounahi na En-Nesyri wakamalizia. Tatu bila. Mjadala mkubwa ulikuja baada ya CAF, shirikisho la soka Afrika, kumfungia kocha wetu Adel Amrouche mechi nane kwa maneno aliyoyasema kuhusu Morocco, timu ikabaki mikononi mwa Hemed Suleiman. Nusu ya banda walisema kocha alitupunguzia nguvu kwa mdomo wake, nusu wakasema alikuwa anawatetea vijana. Mimi nilikuwa na hao wa kwanza, na bado niko hapo. Kocha wa timu ndogo anahitaji kukaa kwenye benchi kuliko anavyohitaji kusikika.

Mechi ya Zambia ndiyo iliyonionesha thamani ya banda. Kwa kawaida humo ndani mashabiki wa Simba hukaa mabenchi ya kushoto na wa Yanga kulia, hakuna aliyeweka sheria hiyo lakini ipo. Sasa Zambia walikuwa na Clatous Chama wa Simba na Kennedy Musonda wa Yanga kwenye kikosi, kwa hiyo kila upande ulikuwa na mtu wake kwa adui. Kijana mmoja wa kushoto alikuja na jezi ya Stars, akaulizwa, "Chama akifunga je?" Akajibu, "Leo simjui." Banda lote likapiga makofi.

Dakika ya 11 Samatta akampenyezea Msuva, Msuva akaweka kambani. Sitaki kuieleza sana kelele ile. Dakika ya 44 Kabwe wa Zambia akapata kadi ya pili ya njano akatoka. Mapumziko sauti ikazimwa, na nakumbuka hakukuwa na majigambo. Watu walikuwa wanapanga. Mama mmoja anayeuza karanga na kashata mlangoni, ambaye anajua mpira kuliko wengi tuliolipa kiingilio, alisema wazi kwamba tusirudi nyuma, kwa sababu wale kumi watakuja na mipira ya juu. Aliungwa mkono na kupingwa. Upande uliompinga ulitaka tulinde goli, kwa kuwa Tanzania haikuwahi kushinda hata mechi moja ya AFCON: mwaka 1980 kule Nigeria tulipata sare moja na kufungwa mbili, mwaka 2019 kule Misri tukafungwa zote tatu. Ukiwa na historia hiyo, moja bila ni dhahabu.

Tukarudi nyuma. Dakika ya 88 ikapigwa kona, Patson Daka akaruka, kichwa, moja moja.

Nyumbani ningezima luninga nikalale. Bandani tulikaa. Hakuna aliyewasha sauti. Yule mama wa karanga hakusema "niliwaambia", aliendelea kufunga kashata kwenye gazeti. Kijana mmoja aliyekuwa analia alipewa kahawa na mtu wa upande wa pili. Tulizungumza zaidi ya saa nzima, na kwa mara ya kwanza nikasikia watu wa Simba na Yanga wakijadili safu ya ulinzi ya taifa bila kutaja klabu ya mchezaji.

Siku chache baadaye, makundi yalipokwisha, fundi wetu aliandika kitu ubaoni ambacho mpaka leo nakirudia kichwani. Wenyeji Ivory Coast walikuwa wamechapwa 4-0 na Guinea ya Ikweta, wamemaliza wa tatu kundi A wakiwa na pointi 3 na upungufu wa magoli matatu. Wamemfukuza kocha Gasset. Walipenya kama wa mwisho kati ya washindi wa tatu bora wanne, kwa sababu wa tatu wa kundi letu, Zambia, alikuwa na pointi 2 tu. Mzee akasema, "Haya wanangu, futeni kichwa cha Daka." Akafuta. Tanzania inapata 3 kwa Zambia, na 1 ya sare yetu na Kongo (DRC) kwenye mechi ya tatu, jumla 4, nafasi ya pili. Kongo wanashuka nafasi ya tatu na pointi zao 3, wamefunga mawili wamefungwa mawili. Guinea na Namibia wana 4, Kongo 3, Mauritania 3 wakiwa wamepungukiwa goli moja. Nafasi nne zimejaa. Ivory Coast nje ya mashindano yao wenyewe. Tulimhakiki kwa simu, tukarudia, hesabu ikakaa vilevile. Ni kweli mechi za mwisho zingechezwa kwa akili nyingine kama matokeo yangekuwa tofauti, na tulilibishania hilo mpaka taa zikazimwa. Lakini timu iliyokuja kubeba kombe ilibaki hai kwa kona moja ya dakika ya 88 dhidi yetu. Hakuna mchambuzi niliyemsikia akiipiga hesabu hiyo. Niliipata kwa mia tano.

Mechi ya tatu, dhidi ya Kongo kule Korhogo, ilianza saa 5 usiku. Kinondoni wanaishi Wakongomani wengi, na usiku ule walijaa. Mwenye banda aliwauliza wazee wa pande zote mbili kabla ya kuwaweka pamoja, jambo ninalompa heko. Matani yalikuwa ya Kiswahili kitupu, cha kwetu na cha Lubumbashi. Mashabiki wa Simba walikuwa na kazi ya ziada, kwa sababu Henock Inonga, beki wao, alikuwa kambi ya Kongo. Iliisha bila kufungana, wao wakapita, sisi tukatoka. Papa mmoja Mkongomani alisimama akatushika mikono mmojammoja kuanzia benchi la nyuma.

Baada ya hapo banda likawa la Kongo. Sikutegemea. Usiku walipoitoa Misri kwa penalti 8-7, kipa wa Misri, Gabaski, akagonga mwamba na kipa wa Kongo, Mpasi, akafunga ya mwisho, ilikuwa inakaribia saa 8 usiku na hakuna aliyekuwa ameondoka. Kwenye nusu fainali dhidi ya Ivory Coast, Februari 7, wimbo wa taifa ulipopigwa wachezaji wa Kongo waliziba midomo kwa kiganja na kuweka vidole viwili kwenye panja, mfano wa bastola. Wengine wetu hatukuelewa mara moja. Mwenye banda akapunguza sauti bila kuombwa, na papa yule akatueleza: ni kwa ajili ya wanaouawa mashariki ya nchi yao, Kivu, na dunia iliyonyamaza. Ana dada yake Goma. Alisema kwa sentensi tatu nne, akakaa, mpira ukaanza. Haller wa Ivory Coast alifunga kwa mpira uliodunda chini ukampita Mpasi juu, Kongo wakatoka. Ningekuwa sebuleni kwangu, ishara ile ingenipita kama matangazo ya biashara.

Fainali, Ivory Coast 2 Nigeria 1, ilijaa mno kwa mazungumzo yoyote. Troost-Ekong wa Nigeria alitangulia, Kessié akasawazisha, Haller akamaliza dakika ya 81, mtu aliyegunduliwa saratani ya korodani mwaka 2022 na kurudi uwanjani mwanzoni mwa 2023. Mshabiki mmoja wa Nigeria, mpinzani mkali kila siku, alisimama akampigia makofi.

Sasa mapungufu. Joto ni kali, feni haifiki mabenchi ya nyuma. Mgao wa umeme ulikuwa umetukalia kipindi kile, jenereta lipo lakini huchukua dakika kadhaa kuwaka, na kuna goli moja la Senegal tulilisikia kwa majirani. Hata umeme ukiwepo, banda la mtaa wa pili hupata picha sekunde chache kabla yetu, kwa hiyo kelele zao huharibu penalti. Matusi yapo. Mwenye banda hukemea, na aliwahi kumtoa mtu na kumrudishia pesa yake, ila wanawake bado tunakaa wachache, na mechi za saa 5 wengi wetu hatuwezi kuja bila mtu wa kurudi naye. Mimi nilikuwa nakuja na kaka yangu. Mabenchi matatu ya mbele yangetengwa kwa kina dada hadi mpira uanze, idadi ingeongezeka.

Kubwa kuliko yote ni mlango. Ni mmoja, mwembamba, unafunguka kwa ndani. Siku ya fainali watu walisimama mpaka kizingitini, na jenereta liko hatua mbili kutoka hapo. Nimezungumza na mwenye banda. Ukuta wa nyuma ni wa mabati, kutoboa mlango wa pili ni kazi ya siku moja kwa fundi, na amesema ataufanya kabla ya mashindano mengine. Mpaka nione umetobolewa, ushauri wangu ni huu: siku za Stars fika saa nzima kabla, kaa benchi la pembeni karibu na ubao, na watoto wabaki nyumbani.